Uji wa Bibi ya Dereva

Bwana na asifiwe mahali hapa, ndugu zangu. Nawasalimu ninyi mlioketi mbele, na ninyi wa huko nyuma mliosimama kama watu wenye safari, nawasalimu pia. Mimi ni Tabitha Wangari, mama yake Wambui. Mchungaji ameniomba niseme kwa ufupi. Nitajaribu, lakini mnanijua.

Nitasema kwa Kiswahili, maana humu tuko Wakikuyu, Wakamba, Waluhya wa mashamba ya kahawa, na ndugu waliokuja kwa miguu kutoka kwenye makonge ya Thika. Kiswahili changu kimenyooka kidogo siku hizi. Wakati ule ninaotaka kuwaeleza kilikuwa cha kununulia chumvi tu, na nusura kinizikie mtoto.

Nilimpokea Bwana nikiwa msichana, kule kwetu juu upande wa Gatanga. Nikaolewa na Stefano, tukashuka hapa Ruiru kutafuta kazi, yeye akaajiriwa kwenye kiwanda cha kahawa, mimi nikawa mchumaji. Tulikaa kwenye laini za wafanyakazi, upande wa Mugutha. Hatukuwa na mengi, lakini jirani alikuwa jirani. Moto ukizimika kwako unaenda kuomba kaa la moto kwake, na ukichelewa kurudi shambani unakuta mtoto wako ameshalishwa.

Halafu ikaja hali ya hatari. Ninyi nyote mnaijua, sina haja ya kuwafundisha. Laini yetu sisi Wakikuyu ilizungushiwa seng'enge, na nje ya seng'enge tukachimbishwa handaki, na getini wakawekwa homgadi, watu wetu wenyewe waliopewa bunduki na serikali. Watu wa makabila mengine walikaa laini za ng'ambo ya barabara na walitembea watakavyo. Sisi filimbi ya jioni ikilia, geti linafungwa, na mtu akionekana nje ya nyumba yake anapigwa risasi bila kuulizwa jina.

Wapiganaji wa msituni walisema mimi ni mtu wa serikali, kwa sababu nilikataa kiapo chao kwa ajili ya jina la Yesu. Homgadi nao wakasema mimi ni mtu wa msituni, kwa sababu mume wangu alichukuliwa. Nisikilizeni vizuri jinsi alivyochukuliwa. Tulipangwa mstari asubuhi moja, wanaume na wanawake, akaletwa mtu aliyefunikwa gunia kutoka kichwani mpaka magotini, lina matundu mawili ya macho. Akapita mbele yetu polepole. Alipofika kwa Stefano akainamisha kichwa kuonyesha ndiye. Basi. Stefano akapandishwa lori, hata koti hakuruhusiwa kulichukua.

Yule wa ndani ya gunia sikumjua, na mpaka leo simjui. Niliiona miguu yake tu. Tangu siku ile nikawa mtu wa kutazama miguu. Mtu akinisalimu, natazama kwanza miguu yake ndipo niitikie. Hata kanisani, watu wakiinama kuomba, mimi nilikuwa nikitazama miguu chini ya viti. Inawezekana mtu yule yuko humu ndani leo. Kama yuko, namsalimu pia, na ninasema hivyo bila kumtega.

Sasa chakula. Ndugu zangu, chakula kilikuwa kitu cha kuogopwa mara mbili. Kiapo kiliapishwa kwa kula na kunywa, kwa hiyo ukipewa kitu na mtu usiyemwamini, hujui unaingiza nini kinywani. Na serikali nayo ilikataza kubeba chakula kilichopikwa, maana walisema kinapelekwa msituni. Jirani yangu Nyambura, ambaye ukuta wangu ndio ukuta wake, alikuwa akifunika sufuria yake nikipita, na mimi nilikuwa nikifunika yangu akipita yeye. Na zote mbili zilikuwa na maji na majani ya maboga tu! Tulifichana umaskini kama watu wanaoficha dhahabu.

Wambui wangu alikuwa ndio kwanza anaanza kutambaa. Maziwa yangu yalikauka kwa ile kazi ya handaki na kwa njaa. Akaanza kuharisha. Miguu ikawa myembamba, tumbo likavimba, nywele zikageuka rangi zikawa kama ndevu za mahindi. Wale mliozaa mnajua nilichokiona. Alikuwa akilia mchana kutwa, halafu akaanza kunyamaza, na kule kunyamaza ndiko kulikonitisha zaidi.

Kulikuwa na mwanamke mmoja aliyeruhusiwa kuingia kwetu mchana kuuza vitunguu na chumvi. Mumewe alikuwa dereva wa lori la kahawa. Mama yake alikuwa Mkamba wa Ngoliba na baba yake Mnubi, na yeye mwenyewe alikulia Thika kwa Waislamu wenzake. Sisi hatukumwita kwa jina. Tulisema bibi ya dereva, na tulisema kwa sauti ya chini. Kwa nini yeye aingie na kutoka? Kwa nini homgadi wanacheka naye getini? Kila mtu kwenye laini alikuwa na jibu lake, na hakuna jibu lililokuwa zuri.

Siku moja akasimama mlangoni kwangu na kapu lake, akamtazama Wambui. Akasema, "Huyu mtoto halii ugonjwa, mama. Analia njaa." Akaenda zake. Kesho yake akarudi, akaingiza mkono chini ya vitunguu, akatoa kibuyu. Ulikuwa uji wa wimbi wenye maziwa. Harufu yake ilinifanya nishike ukuta.

Ninyi wenzangu Wakikuyu mnajua desturi yetu. Anayekupa kibuyu hunywa yeye kwanza mbele ya macho yako, akapangusa mdomo wa kibuyu, ndipo akakupa. Mambo yakiwa mazuri ni adabu tu. Mambo yakiwa mabaya ndiyo usalama wako. Basi nikamwambia kwa Kiswahili changu, "Wewe kunywa kwanza."

Akatikisa kichwa, akatabasamu. "Mimi nimefunga, mama Wambui."

Naona wanaojua Kiswahili wameshaanza kucheka. Ngojeni kwanza. Mimi neno hilo nililijua kwa njia tatu. Kufunga mlango. Kufunga mbuzi. Na kufunga mtu, maana kila siku tulikuwa tukisema Stefano amefungwa, mume wa fulani amefungwa, vijana wote wa fulani wamefungwa. Sasa mwanamke huyu anasimama mlangoni kwangu, anatabasamu, ananiambia amefunga. Na kama hiyo haitoshi, akaongeza, "Mwezi huu wote tunafunga, mimi na mzee."

Mwezi wote! Yeye na mume wake! Nikakipokea kibuyu kwa sababu niliogopa kukikataa.

Alipoondoka Nyambura akaniita kupitia ukutani. Kumbe alikuwa amesikia yote. "Nyina wa Wambui, si umesikia na masikio yako? Ndiye anafunga watu. Amesema mwenyewe na haogopi."

Nikasema, "Labda ni hirizi amefunga. Labda amefunga kitu ndani ya uji."

"Yote ni moja," akasema Nyambura. "Mwaga."

Nikaumwaga nyuma ya nyumba, penye majivu. Nilikuwa nimebakiza kuku mmoja tu, akaja akaudonoa uji wote, akajipangusa mdomo akaenda zake mzima kabisa. Nikamwambia Nyambura kuku hajafa. Akanijibu, "Kwani kuku huapishwa?"

Bibi ya dereva akaja tena kesho yake, na kesho kutwa, na siku zilizofuata. Kila mara kibuyu kinatoka chini ya vitunguu, kila mara namwambia anywe kwanza, kila mara ananiambia amefunga. Akiuliza kama mtoto amekunywa namwambia amekunywa. Akiondoka namwaga. Kuku akanenepa. Mtoto akazidi kuisha.

Na jioni napiga magoti. Nilikuwa naomba kwa machozi, wapendwa, msifikiri nilikuwa nimeacha kuomba. Nilikuwa nikisema, "Bwana, nionyeshe moyo wa mwanamke huyu. Bwana, nipe ishara. Kama ni adui, mzuie getini. Kama ni rafiki, mfanye anywe." Na kesho yake anaingia getini bila kuzuiwa, na hanywi. Nikaona hata mbinguni kumefungwa.

Mchana mmoja, mvua ya njahi, ile ya masika, ikiwa imetua kidogo, alizunguka nyuma ya nyumba. Nadhani alikuwa anamtafuta mtoto, maana nilikuwa nimemlaza penye jua. Akayaona majivu. Akamwona kuku na mdomo wake umeganda uji. Alisimama pale akitazama, na mimi nilisimama kwenye kona nikimtazama yeye anavyotazama. Alichukua kapu lake akatoka, na alipopita getini hakucheka na homgadi.

Siku hiyo nilijua nimekwisha. Nilijiambia, sasa amekasirika, atanisemea. Nilifunga nguo mbili za mtoto kwenye kitambaa, nikangoja lori.

Lori halikuja. Kesho yake mchana bibi ya dereva hakuja vilevile. Alikuja jua likiwa limeinama, wakati ambao wachuuzi wote wameshatoka, akaingia nyumbani kwangu bila kupiga hodi, akaketi kwenye kigoda, akaweka kibuyu katikati ya miguu yake. Nikamwambia filimbi iko karibu. Akasema, "Najua." Nikamwambia, tafadhali nenda, nina mtoto mgonjwa, nionee huruma. Akasema, "Leo siendi."

Ndugu zangu, sikilizeni mawazo ya mtu aliyetawaliwa na hofu. Niliwaza, ametumwa. Homgadi watamkuta kwangu baada ya filimbi, atasema nilimwita anipe chakula cha kupeleka msituni, nami nitafuata njia ya Stefano, na Wambui atabaki na nani? Kwa Nyambura kukawa kimya kabisa, nikajua sikio lake liko ukutani.

Filimbi ikalia. Nikasikia geti likiburutwa. Yule mwanamke akainuka, akafungua mlango kidogo, akachungulia mbingu juu ya miti ya kahawa.

"Bado," akasema.

Bado nini? Anawangoja akina nani? Nikamchukua Wambui nikamkumbatia, na alikuwa mwepesi mno mikononi mwangu.

Akachungulia tena. Kulikuwa na wekundu kidogo upande wa machweo, kisha ukafa. Akarudi, akaketi, akasema maneno ya dini yao, akainua kibuyu kwa mikono miwili akanywa. Alikunywa kama mtu aliyetoka jangwani. Nilisikia uji ukishuka kooni mwake. Halafu akapangusa mdomo wa kibuyu kwa ncha ya leso yake, sawasawa kama mama yangu mzazi alivyokuwa akifanya, akaninyooshea.

"Nimekunywa kwanza," akasema. "Sasa mpe mtoto."

Nikamwuliza, "Lakini wewe umesema umefunga."

Akanitazama sana. Nadhani ndipo alipoelewa. Akaweka kiganja juu ya kinywa chake, akaonyesha juu jua linapokuwa mchana, akatikisa kichwa. Akaonyesha chini linapozama, akaondoa kiganja. "Nimefunga kula, mama. Mwezi wa Ramadhani. Sili wala sinywi mpaka jua lizame. Ni ibada."

Amefunga kula! Na sisi kwa Gikuyu tunasema hivyohivyo, mtu amejifunga chakula, na mchungaji alikuwa ametufundisha hata siku zake. Neno lilikuwa ni la kwetu kabisa, nililisikia kila siku, na sikulitambua kwa sababu lilitoka kwenye kinywa nilichokiogopa. Nilicheka nikalia, vyote pamoja. Mchana dini yake ilimkataza kuonja. Jioni serikali ilimkataza kuwa kwangu. Hapakubaki nafasi ya halali, ila ule wakati wa hatari baada ya filimbi, na huyo mwanamke akajiingiza humo na maisha yake yote ili mtoto wangu anywe.

Wambui alikunywa. Kwanza aliacha uji umwagike kwenye kidevu kama mtu aliyesahau kumeza. Halafu akameza. Halafu akashika kibuyu kwa vidole vyake akakivuta.

Tulikuwa hapo ndipo mlango ulipopigwa teke. Ilikuwa hesabu ya jioni, ya kuhesabu watu nyumba kwa nyumba. Homgadi walikuwa wawili, na yule mkubwa wao akamwona mgeni, akaona kibuyu. "Huyu mama anafanya nini hapa saa hii? Nani amemleta?"

Kulikuwa na njia rahisi, na yeye alinionyesha njia hiyo kwa macho yake. Nikisema simjui, amejiingiza mwenyewe, mimi ningekuwa salama na yeye ndiye angepelekwa. Wapendwa, kwa muda mrefu nilikuwa nimesema simjui kwa kila mtu. Nilisema simjui Nyambura, simjui mwenye gunia, simjui anayeketi pembeni yangu kwenye ibada. Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi.

Nikasema, "Ni mgeni wangu. Nimemkaribisha mimi. Mtoto alikuwa anakufa, na huyu amemletea uji."

Ndugu zangu, nilipolisema hilo, hofu ilinitoka. Sijui niwaeleze vipi. Homgadi alikuwa na bunduki na mimi nilikuwa na mtoto, na sikumwogopa. Nilimtazama usoni, wala sikutazama miguu yake. Bwana asifiwe!

Yule mkubwa alikasirika, akapiga kibuyu teke kikapasuka, lakini kilikuwa kitupu. Akasema kwa kuwa tunapendana sana, kesho tutachimba handaki pamoja, kila mmoja kipimo cha watu wawili. Bibi ya dereva akalala kwangu usiku ule, mtoto katikati yetu. Hapo ndipo nilipomwuliza jina. Akasema anaitwa Zaituni.

Asubuhi tulishuka kwenye handaki. Udongo ulikuwa mzito kwa mvua, na jua nalo likatoka kali. Debe la maji lilipopitishwa, Zaituni alilikataa. Nikaona wanawake wanatazamana, nikasikia mmoja akisema hata maji yetu anayaogopa. Nikasimama katikati ya matope nikawaambia kwa Gikuyu yale niliyowaambia ninyi sasa. Nikawaambia neno kufunga maana yake nini. Waliinama wakaendelea na kazi, na mimi nikaona nimepoteza pumzi.

Lakini baadaye, Zaituni alipoanza kuyumba na jembe, Nyambura alimaliza kipimo chake, akaja akaingia kwenye cha Zaituni. Akachimba. Mwingine akaja. Halafu wengine, mpaka homgadi wakapiga kelele na hatukuwasikia. Tangu siku ya lile gunia hakuna aliyekuwa amemshikia mwenzake jembe. Siku ile tulishikiana. Na jioni Nyambura alipita kwangu na sufuria yake wazi, haina kifuniko, akaonja kwanza, akanipa.

Wambui ndiye yule anayevuta kitambaa cha meza pale mbele. Mshikeni, tafadhali. Baba yake bado hajarudi, na ninaendelea kuomba. Sikuja hapa kuwaambia kwamba kila kitu kimekwisha vizuri. Nimekuja kuwaambia kwamba Bwana aliniokoa kwenye hofu kwa kibuyu cha uji, na akatumia mkono ambao mimi ningeuchagua mwisho kabisa.

Kuna siku nilimlaumu Zaituni. Nilimwambia, nililia kwa Mungu kila jioni anionyeshe moyo wako, kwa nini hukunieleza mapema? Akasema, "Nilikueleza kila siku. Wewe ndiye hukuniuliza."

Nikamwambia, "Nilikuwa namwuliza Mungu."

Akanijibu, "Nami nilikuwa mlangoni."

Wapendwa, kumtumaini Bwana ni pamoja na kumwuliza jirani. Nawasihi, mwaminini Yesu hata kwenye mambo madogo haya ya uji, chumvi na salamu, maana huko ndiko hofu inakojificha. Sasa tutoke. Nje, chini ya paa la duka, kuna mwanamke ameketi na kapu. Mlimwona mlipokuja. Wengine wenu mliwavuta watoto wenu upande wa pili wa barabara, nami niliwaona kupitia dirishani. Amenisindikiza kutoka Mugutha, na ananingoja. Mnalijua jina lake. Nendeni mkamsalimu.